Kobe wa Tufe Jeusi

Kwa miaka kadhaa ya ujana wangu niliamini, kwa moyo wote na bila kulazimishwa na mtu, kwamba ndani ya kila tufe la boling, ule mchezo wa kubingirisha tufe kwenye njia ya mbao liangushe pini kumi, kuna kobe. Si kobe wa kuchorwa. Kobe mzima, aliyewekwa humo angali mdogo, akafungiwa, akazoea. Tufe likirushwa, kobe hulala mpaka karibu na mwisho wa njia, kisha huamka na kugeuza shingo kutazama kwao, na tufe lote humfuata. Ndiyo maana tufe hunyooka mwanzo halafu likakata kona. Na kama ungeniuliza mbona hakosi hewa humo ndani, ningekuonyesha yale matundu matatu ya vidole, nawe ungeinama kuchungulia.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale ukumbini, mlionipigia makofi siku ya kuniaga, mkanipa blanketi, kisha mkaniuliza, "Profesa, kwani wewe ulianzaje?" Sikuweza kujibu pale pale kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Basi jibu ndilo hili. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache. Mishahara nayo ilikuwa na haya, haikupenda kuonekana hadharani, tuiache hivyo hivyo.

Nilikuja Nairobi kutoka magharibi nikiwa na sanduku moja la bati, nikapanga chumba Gatwekera, pale Kibera. Kuta za udongo, paa la mabati. Mvua ikinyesha, nyumba nzima mnaongea kwa ishara. Nilibeba mawe ya mjengo mpaka mabega yangu yakawa kama ya ng'ombe wa kulima. Ndipo jirani akaniambia kuna ukumbi wa mchezo huko upande wa matajiri, wanatafuta mtu wa kusugua mbao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitembea hadi huko nikafika kabla ya mlinzi, na mlinzi alikuwa analala hapo hapo.

Siku ya kwanza nilipoona zile njia za mbao, ndefu, zinang'aa kuliko kipara cha askofu, nilivua viatu. Mzee mmoja akatokea nyuma ya ukuta wa mashine, mikono imejaa grisi, akanitazama miguu.

"Vaa viatu," akasema. "Hapa watu wanakodishiwa viatu, lakini siyo wewe."

Huyo ndiye Mzee Opondo, fundi wa mashine zinazosimamisha pini, na ndiye aliyenifundisha kazi yote. Mtu wa kando ya ziwa, alikuwa anaishi Kawangware, na kelele za zile mashine zilikuwa zimemwibia nusu ya masikio na maneno yake mengi. Alisema sentensi chache kwa siku, na ukipitwa na moja hairudiwi. Alinipa tufe nilipeleke kwenye rafu. Wenzangu wote waliliita mpira. Mimi nililiita tufe tangu nilipoanza shule ya jioni, ndipo wakanibandika jina la Profesa, na mnajua nilivyo. Lilikuwa zito kama gunia la saruji, likaniponyoka, likatua pembeni mwa kidole changu cha mguu.

"Pole pole na huo mpira," Mzee Opondo akasema. "Kuna kobe ndani. Ukimwangusha anaharibika, na mpira haunyooki tena."

Hakucheka. Akageuka akarudi kwa mashine zake. Sasa nawauliza, mtu anayefungua mashine yenye vyuma elfu kumi, akaitandaza sakafuni kama dagaa wa omena kwenye gunia, halafu akairudisha bila kubakisha nati hata moja, akikwambia kuna kobe, wewe ni nani useme hakuna? Tangu siku hiyo nilibeba matufe kama watoto wachanga. Sikuangusha hata moja tena. Mengine niliyasalimia.

Kazi yangu kubwa ilikuwa njia zenyewe. Asubuhi nilizifuta kwa mopu pana na dawa. Saa tisa mchana, kabla wanachama wa klabu hawajaja, nilizipaka mafuta. Ninyi mna mashine inayotembea peke yake ikiimba. Sisi tulikuwa na kijisanduku chenye utambi, kama ule wa jiko la mafuta taa, unakisukuma kwa mpini kikitandaza mafuta membamba ambayo huyaoni mpaka uiname. Mzee Opondo alinionyesha mara moja tu. Unaanza kwenye mstari wa kurushia, unakwenda mpaka alama fulani, kama theluthi mbili za njia, hapo unakiinua. "Usivuke alama," akasema. Kipande cha mwisho, kabla ya pini, kinabaki kikavu.

Mimi nilijua sababu. Ubahili wa Meneja. Kwetu Gatwekera, mwenye bahati ya sakafu ya simiti akiipaka rangi nyekundu, huipaka mpaka chini ya kitanda. Huyu tajiri anang'arisha sebule anaacha jikoni. Nilimwonea huruma, nikapaka nilivyoambiwa.

Jioni nikitoka kazini nilikwenda Riruta Satellite, kwenye ukumbi wa kanisa, tulikosomea sisi watu wazima. Nilikuwa wa pili kwa ukubwa wa umri na wa kwanza kwa ukubwa wa sauti. Siku moja mwalimu wa sayansi alitufundisha habari za msuguano: penye utelezi kitu hakina pa kushika, hupita tu, penye ukavu hushika, hugeuka, husimama. Alitoa mfano wa mtu anayetembea kwenye matope ya Kibera. Nilielewa kuliko wote. Nilipata alama za juu sana, mwalimu nusura aniite nifundishe badala yake. Kesho yake saa tisa nikapaka mafuta mpaka kwenye alama, nikainua kisanduku, nikaendelea kuamini kobe.

Njiani kwenda darasani nilikuwa nikiandamana na Akinyi. Akinyi alikuwa mhudumu wa kaunta ya viatu: anavikodisha, anavipulizia dawa, na vikichanika anavishona mwenyewe. Alipanga chumba mtaa wa Kongo, huko Kawangware, yeye na mama yake. Nilimweleza habari za kobe mara nyingi, naye kila mara alicheka mpaka anashika ukuta. Nilidhani anacheka kwa furaha ya kuelimishwa.

Sasa niwaambie kuhusu Jumatatu, maana hapo ndipo mambo yalinichanganya kabisa. Jumatatu ukumbi ulifungwa ili Mzee Opondo atengeneze mashine zake. Ilikuwa desturi ya zamani kwamba siku hiyo asubuhi sisi wafanyakazi tunaweza kuleta watu wetu wacheze kwenye njia mbili za pembeni. Watu walitoka Kibera na Kawangware kwa miguu, wamevaa za kanisani. Mke wangu Nafula alirusha tufe kama anatupa maji ya kuoshea vyombo, na pini zilianguka kwa kuogopa.

Lakini mwenye Jumatatu hasa alikuwa Mama Akinyi. Yule mama alikuwa ameletwa mjini baada ya kufiwa na mumewe. Hakujua mtu Kawangware, Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chumvi, na wiki nzima alikaa chumbani akisikiliza redio ya jirani. Jumatatu alivaa kilemba, akabeba mkoba wake mweusi, akaja. Alirusha tufe kwa mikono miwili kutoka katikati ya miguu, kisha akasimama hapo hapo ameinama akilisubiri lifike, na lilichukua muda, ungeweza kupika ugali. Pini moja ikianguka alicheka sauti ile ile aliyocheka bintiye. Akinyi aliniambia, "Profesa, hiyo ndiyo siku pekee anacheka. Zingine anahesabu tu mabati."

Basi kamati ya wanachama ikataka Jumatatu. Walisema wanahitaji siku ya mazoezi. Meneja alikuwa mtu wa kuogopa pande zote mbili, akakuna kichwa siku nyingi, mwishowe akasema tuamue kwa mchezo. Mmoja wao, mmoja wetu, michezo mitatu kwenye njia moja, mshindi wa miwili anachukua Jumatatu. Wao walimtoa Daktari, daktari wa meno, mchezaji bora kuliko wote, mpole, na mwenye tufe jipya la zambarau lililotoka ng'ambo na kulala kwenye mfuko wake lenyewe. Sisi tulimtoa Akinyi, ambaye kila Jumatatu alitushinda sote. Mimi nilichaguliwa kumbebea matufe, kwa sababu ya elimu yangu.

Mchezo uliwekwa Jumamosi mchana. Asubuhi hiyo nilijiambia, Shiundu, leo wanakuja watu wakubwa, usituaibishe. Nikafuta njia mpaka nikajiona meno. Kisha nikachukua kile kisanduku, nikafika kwenye alama, nikaipita. Nikapaka mpaka zinaposimama pini. Nikapaka mara mbili. Ilikuwa zawadi yangu kwa mchezo.

Nilimkuta Akinyi kwenye kaunta yake, ameweka tufe la kijani mapajani, analisugua kwa msasa wa kulainishia soli.

"Unafanya nini?"

"Nataka lishike."

Nikaelewa mara moja. Alikuwa anamkuna kobe mgongo ili asilale. Nikamsifu kwa huruma yake. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kusugua.

Daktari naye alitoa tufe lake mfukoni, akalifuta kwa taulo, akawaambia wenzake, "Hili jipya linakunywa mafuta." Nililiandika hilo kichwani. Kobe wa ng'ambo hunywa mafuta. Wetu sikuwa nimewahi kuwapa hata maji.

Mchezo wa kwanza ukaanza, na tufe la zambarau likakataa kupinda. Daktari alilirusha kutoka pembeni, kama kawaida yake, likapita limenyooka kama mtu aliyeitwa na mkewe, likakwangua pini ya mwisho, likaenda zake. Akalirusha tena. Vile vile. Akainama akaitazama njia, akagusa mbao kwa kidole, akanusa.

"Nani amepaka mafuta leo?"

Nikasimama wima. "Ni mimi, Daktari."

"Umepaka mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Leo sikuwanyima."

Alinitazama jinsi nadhani anavyotazama jino lililooza. Wenzake walianza kunung'unika, lakini yeye akainua mkono. "Njia ni moja," akasema. "Tunacheza wote juu yake." Mimi nilisubiri shukrani, haikuja. Akinyi alirusha lile la kijani lenye mikwaruzo, likateleza, likateleza, karibu na mwisho likapinda kidogo tu, na kidogo kilitosha. Akashinda wa kwanza. Kila tufe liliporudi nilimfutia, na nikaona limezungukwa na pete ya mafuta, imelowa. Nikawaeleza waliokaa karibu kwamba hilo ni jasho la kobe. Amefanya kazi ya punda wawili.

Mchezo wa pili ukanichanganya. Nilifanya kila kitu sawa na mwanzo, nikafuta, nikampa, naye akarusha vile vile, lakini la kijani likaanza kupinda mapema. Kila raundi mapema zaidi. Mwishowe lilivuka njia yote kwenda kushoto likagonga pini moja, kama mtu aliyekuja kuuliza habari za nyumbani tu akaondoka. Na jasho lilikuwa limepungua, pete nyembamba, karibu kavu. Sasa, kiumbe kisichotoka jasho kimepumzika, kina nguvu. Mbona kinaharibu? Akinyi aliitazama ile pete, akakunja uso, akasogeza miguu yake kushoto hatua moja. Ikasaidia kidogo, ikaacha kusaidia. Kule kwa Daktari, tufe la zambarau lilikuwa limeamka. Lilinyooka, likakata kona, likapiga pini zote zikalala. Akachukua mchezo wa pili bila jasho, yeye na kobe wake.

Mama Akinyi alikuwa amekaa nyuma yetu, mkoba mapajani, kilemba chake cha Jumatatu kichwani ingawa ilikuwa Jumamosi. Akanivuta shati.

"Akinyi amechoka?"

"Si yeye, Mama. Ni kobe."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani Kiswahili changu kimempita.

Mchezo wa tatu walikwenda sambamba, wakipishana pini moja moja. Tufe la zambarau nalo lilianza kukata kona mapema kuliko alivyotaka mwenyewe. Rafiki yake akamwambia, "Daktari, badilisha. Chukua lingine." Akajibu, "Sikulibeba kutoka ng'ambo nije kulilaza kwenye mfuko." Akinyi naye alikuwa ameacha pini mbili, tatu, pasipofaa. Zikabaki raundi chache. Akageuka kwangu.

"Profesa, niletee ule mweusi."

Moyo wangu ulianguka mpaka Gatwekera. Tufe jeusi lilikuwa la zamani kuliko yote, gumu, linang'aa kama kioo, la kurushwa na watoto kwenye sikukuu zao za kuzaliwa. Tangu niajiriwe sikuwahi kuliona likipinda. Sote, yaani mimi, tulijua sababu.

"Akinyi, huyo amekufa."

"Nani amekufa?"

"Kobe wake. Alikufa zamani."

"Leo si siku ya hadithi. Leta mpira."

Nikaenda kwenye rafu. Sikuweza. Siku pekee ya mama wa watu iko pale, nami nimpelekee binti yake maiti? Nikagusa matufe yote kutafuta lenye joto, maana lenye joto kobe wake yuko macho, nikapata la buluu lililokuwa karibu na mashine. Nikampelekea hilo.

Akinyi hakulitazama. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, bila kicheko chochote. "Shiundu. Mama yangu amekaa pale. Nakuomba ule mweusi."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Nikaenda nikaleta maiti.

Akalirusha. Mahali ambapo la kijani lilikuwa likikimbilia kushoto, jeusi lilipita kama hakuna kilichotokea. Likaenda, likaenda, na kule mwisho kabisa, mbele ya macho yangu, likapinda. Kidogo, kama mtu anayegeuka kusema kwaheri. Pini zote kumi. Nikatazama huku na huku kuona kama wengine wameona marehemu akigeuza shingo. Akalirusha tena, zikaanguka tena. Daktari akarusha la zambarau, likakata kona kabla ya wakati, likaacha pini mbili zimesimama mbalimbali kama wagomvi. Raundi ya mwisho Akinyi alihitaji kuangusha zote. Tisa zililala. Ya kumi iliyumba kushoto, ikayumba kulia, ikafikiria maisha yake, ikalala.

Wafanyakazi walipiga kelele zilizosikika, bila kutia chumvi, mpaka Kisumu. Daktari alimpa Akinyi mkono. "Ulibadilisha kwa wakati wake," akamwambia. "Mimi nilikuwa na kiburi." Mama Akinyi alisimama, akasubiri kelele zipungue.

"Kwa hivyo Jumatatu nakuja?"

"Unakuja, Mama," Akinyi akasema. Yule mama akafunga mkoba wake, klip, kama mtu aliyeweka kitu ndani, kisha akacheka kile kicheko chao.

Mimi sikuweza kusherehekea. Kichwa kilikuwa kinazunguka kama pia. Kobe aliyekunwa mgongo amechoka, kobe wa ng'ambo aliyelewa mafuta ameshindwa, na aliyekufa ameshinda. Nilichukua lile tufe jeusi kifuani, nikapita nyuma ya ukuta wa mashine. Mzee Opondo alikuwa amechuchumaa anakaza nati, kana kwamba hakukuwa na mchezo.

"Mzee," nikamwambia, "nieleze. Huyu alikufa lini, na amewezaje?"

"Nani?"

"Kobe."

Aliacha nati. Alinitazama, akalitazama tufe nilivyolikumbatia, akanitazama tena. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema zaidi ya sentensi tatu kwa mfululizo.

"Shiundu, ndani ya mpira hakuna kobe. Nilikwambia vile siku ya kwanza ili usiniangushie mipira. Mpira hupita palipo na mafuta, na hugeuka ukifika palipokauka. Watu wakicheza sana mafuta yanaisha, basi unachukua mpira mgumu usioshika haraka. Ni hayo tu. Na mtu anayepaka hayo mafuta kila siku saa tisa ni wewe."